Droo Iliyogoma Kurudi Ndani

Nimeishi Guangzhou miaka ya kutosha, na ukiniuliza njia ya kwenda kwenye masoko ya nguo ya Liuhua nitakuambia upande teksi. Wenzangu wanayajua maduka ya mtaa wa Guangyuan Xilu ghorofa kwa ghorofa: nani ana jinzi za watoto, nani ukimtajia bei yako anakugeuzia mgongo. Mimi najua kuchemsha maharage. Mfanyabiashara alikuwa mke wangu. Mimi, kwa maneno yake mwenyewe mbele ya wageni, nilikuwa mlinzi wa sufuria. Kidato cha nne nilipata matokeo ambayo hayana haja ya kutajwa hapa, na tangu hapo sijaona sababu ya kutoka nje bila kuitwa.

Nyumba yetu ilikuwa gari. Gari refu la zamani, lenye jiko, choo na kitanda, ambalo kampuni fulani ililiagiza kwa ajili ya maonyesho kisha ikalitelekeza kwenye yadi ya mizigo pembeni ya jiji. Mwenye yadi, ambaye sote tulimwita laoban, yaani bosi, alimwachia mke wangu kwa kuwa alikuwa mteja wake wa makontena, na kwa kuwa hakujua alifanyie nini. Akatuandikisha polisi kwa anwani ya jengo lake, tukahamia.

Raha ya gari lile ilikuwa chumba cha kulala. Kilitoka ubavuni kama droo ya kabati. Unabonyeza kitufe, pampu inaunguruma huko chini, mikono miwili ya chuma inayosukumwa na mafuta inanyooka taratibu, na chumba kizima, na kitanda chake, na dirisha lake, kinatoka nje na kuning'inia juu ya saruji ya watu. Hapo ndani panabaki nafasi ya kutembea kama binadamu. Tuliitoa droo siku tuliyohamia, na hatukuirudisha tena. Hatukuwa na safari.

Mwaka jana mke wangu alikwenda Tanga kupumzika kidogo, akafia huko. Nilikwenda, nikakuta wamezika, nikakaa hadi arobaini, nikarudi. Watu waliniuliza nimerudi kufanya nini, nikawaambia kuna mizigo ya kumalizia. Mizigo ilikuwa imeshamalizwa na mdogo wake. Nilichorudi kufanya ni kulala upande wangu wa kitanda.

Basi asubuhi moja laoban akagonga mlango. Eneo la yadi, ambalo kumbe alikuwa amelipanga tu, lilikuwa limerudi kwa wenyewe. Kesho mchana lingekuja lori la kubeba magari, lipeleke gari letu kwenye yadi yake nyingine. Lakini droo ikiwa nje, gari halipiti getini. Akaonyesha kwa mikono: geti hivi, gari hivi. Ikishindikana kuingia, akasema, ataleta mtu wa grenda aikate, tundu lizibwe kwa bati. Hakuwa anatisha. Alisema kama mtu anayekuambia mvua itanyesha, kisha akanipa sigara, nami sivuti.

Nikabonyeza kitufe. Pampu ikaunguruma, droo ikatulia kama si yeye aliyeambiwa. Nikabonyeza tena. Nikakaa kitandani, nikasikiliza kama nitaogopa. Sikuogopa. Nilikuwa nasikia kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno: unajua mdomo upo, basi. Nikampigia shemeji.

Shemeji ni huyo mdogo wake mke wangu, wa kike. Ana kiofisi kwenye jengo la Tianxiu Dasha na mdomo usio na breki. Alifika amevaa suti ya kukutana na wateja, akaniangalia miguuni.

"Shem, umevaa viatu. Nani tena kafa?"

"Droo haitaki kurudi."

"Na wewe lini umewahi kutaka kwenda mahali? Mmefanana." Kisha nikamweleza habari ya grenda, na hakutania tena kwa dakika kadhaa.

Mimi nilisema ni betri. Sikuwa na ushahidi, ila kwenye simu kila mtu mwenye gari la namna ile anasema anza na betri. Shemeji akaenda kuazima nyaya kwa dereva wa folklifti, tukaunganisha. Pampu ikapata sauti nzito, ya mtu aliyekula. Droo haikusogea. Basi nikasema ni mafuta. Nikafungua tangi lake dogo, nikaona mafuta yako chini kabisa, nikafurahi kama mwanafunzi aliyeliona swali alilolisoma. Nikamimina hadi yakafika shingoni. Nikabonyeza. Mngurumo uleule.

"Sasa gari limeshiba na halifanyi kazi," shemeji akasema. "Mume mtarajiwa."

Laoban akatuletea fundi wake wa folklifti, mtu mnene mwenye taulo shingoni. Aliingia uvunguni, akapapasa mipira ya mafuta akitafuta panapovuja, hakupata. Akagongagonga vali kwa spana. Akasema jambo refu.

"Anasema ni vali," shemeji akatafsiri.

"Ana uhakika?"

"Anasema inaweza kuwa vali. Kama wewe ulivyosema inaweza kuwa betri. Ndivyo mnavyosema nyote."

Nikabonyeza. Safari hii kitu kikasogea: upande wa nyuma wa droo uliingia upana wa kidole, upande wa mbele ukabaki palepale, na chumba kizima kikakaa mshazari na kulia kama kitanda cha gesti. Fundi akapiga kelele, nikaachia kitufe. Akaja kueleza tena, mara hii kwa ufupi. Mkono wa mbele umekufa. Unatakiwa mwingine. Wa gari kuukuu namna hii hapatikani leo wala kesho. Mei banfa, akasema, na hilo hata mimi sikuhitaji kutafsiriwa, ndilo neno tunaloambiwa kila siku hapa: hakuna namna. Akaenda kula.

Shemeji akasogea pembeni kupiga simu, kutafuta kama kuna mtu anayemjua mtu. Mimi nikaingia chini ya gari. Ningependa kusema niliingia kuchunguza. Niliingia kwa sababu palikuwa na kivuli, na kwa sababu nikikosa kitanda nalala popote. Nikalala chali. Juu yangu palikuwa na mfereji wa chuma ambamo mkono wa mbele ulitakiwa kurudi ukiingia. Mfereji ulikuwa mweusi. Nikaushika. Ulikuwa mlaini.

Nikavuta, ikatoka pakiti ya nailoni. Nikavuta nyingine. Soksi.

Hapa inabidi niwaeleze wasiosafirisha mizigo. Kontena unalipia nafasi, ujaze usijaze. Kwa hiyo sisi hatuachi pengo. Soksi zinaingia ndani ya viatu, viatu ndani ya sufuria, sufuria ndani ya mashine ya kufulia, na pale mlangoni panapobaki upana wa mkono tunasukumiza kandambili. Mke wangu alikuwa bingwa wa mapengo. Siku ya kupakia alikuwa haangalii mizigo, anaangalia mahali pasipo na mzigo. Sasa mtu kama huyo umpe gari ambalo chumba chake kikitoka kinaacha uwazi mrefu huko chini, mkavu, ambao mvua haiufikii na mwizi haujui. Aliyelitengeneza gari lile hakuwahi kuwaza kwamba atakuja mtu wa kuuonea uwazi ule huruma. Aliona bohari. Lazima alizisukuma kwa mpini wa ufagio wakati mimi niko jikoni.

Pakiti zilikuwa zimefungwa selotepu, na kila selotepu ncha yake imekunjwa kidogo, ili ukitaka kufungua usihangaike na kucha. Hakuna mwingine niliyemwona akifanya hivyo. Nikaishika ile ncha. Nikangoja. Nilidhani sasa ndiyo litakuja, lile chozi ambalo wenzangu wananiuliza kila siku kama limekuja. Nilichosikia ni kwamba kiwiko kinaniuma, maana nilikuwa nimelalia bolti.

"Shem, umekufa?" sauti ya shemeji, na viatu vyake vya kisigino karibu na sikio langu.

"Bado."

"Una nini?"

"Soksi."

Akachuchumaa na suti yake. Nikampa pakiti moja. Aliiangalia sana, akaigeuza, akaona ile ncha iliyokunjwa.

"Hizi ni za watoto," akasema. "Zilikosa nafasi kwenye kontena. Aliniuliza ziko wapi. Akasema nimeuza kimyakimya. Tulinuniana mwezi mzima."

"Alizitunza vizuri."

"Alizitunza hadi akasahau. Hata kuniomba radhi hakuniomba, mshenzi yule." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mke wangu yuko jikoni anasikia. Kisha akavua koti la suti, akalitundika kwenye kioo cha gari.

Tulizitoa kwa nondo tuliyoipinda ncha. Zilikuwa zimegandamana kama tofali. Zile za mwisho ilibidi tuzichane. Fundi aliporudi alikuta rundo la soksi lenye urefu wa mtoto, la waridi na la njano, akasimama na kijiti cha meno mdomoni. Akamuuliza shemeji kitu.

"Anasemaje?"

"Anauliza kwa nini."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia palikuwa na nafasi."

Fundi akatikisa kichwa, akaingia uvunguni, akamulika mfereji wote. Akauweka ule upande ulioingia sawa na mwenzake kwa jeki. Kisha akaniambia kwa ishara niondoe vya mle ndani nitakavyohitaji, maana droo ikifunga, kitanda kinaingia nyuma ya kabati na hakuna anayekifikia mpaka ifunguliwe tena. Nikaingia. Upande wake kulikuwa na khanga, chupa ya mafuta ya nazi, miwani. Nikatoka na blanketi.

"Hilo tu?" shemeji akauliza.

"Hilo tu."

Nikabonyeza. Droo ikaja. Ilikuja sawasawa, pande zote mbili, polepole, kitanda kikinifuata pale niliposimama, ukuta ukisogea hadi ukalikaribia kabati na kufunga. Chini kukatokea vurugu. Kumbe mafuta yale hupimwa droo ikiwa ndani. Ikiwa nje mengi yako kwenye mikono, na tangi huonekana tupu bila kuwa tupu. Yote niliyoongeza yalikuwa yanamwagika juu ya saruji ya laoban. Fundi alicheka hadi akashika tairi. Tukafuta kwa soksi.

Lori lilikuja mchana wa kesho yake. Getini tulipita, kila upande ukabaki upana wa kiganja, na mtu wa grenda, ambaye kumbe alikuwa ameshaitwa, alisimama anatuangalia na chombo chake begani. Yadi mpya iko mbali zaidi. Walilisukuma gari kati ya kontena na ukuta wa matofali, laoban akauliza kama ni sawa, nikasema sawa. Baadaye ndipo nikaona ukuta uko upande wa droo. Ukifungua dirisha la jikoni unaugusa.

Sasa ni wiki kadhaa nalala kwenye kiti cha mezani, miguu nimeikunja. Kati ya kabati na ukuta wa droo kuna mwanya, mkono unapita hadi kwenye kifundo, na vidole vinafika kwenye pindo la shuka. Nimejaribu mara kadhaa. Ni shuka tu.

Juzi shemeji alipiga.

"Umeshaifungua?"

"Kuna ukuta."

"Kwa hiyo tumeokoa chumba usichoweza kuingia."

"Ndiyo."

"Si umwambie laoban asogeze kontena, gari lisogee huko?"

"Sijamwambia."

"Ofisi yake iko wapi?"

"Ng'ambo ya yadi."

Nilisikia anavuta pumzi, nikajua anatafuta tusi la kiasi. Hakulitoa. Alisema atakuja Jumapili amwambie yeye mwenyewe, na kwamba nisithubutu kupanga kitu chochote chini ya gari. Sikumwambia asije.