Funguo Ndani ya Friji

Tunamwita Bwana Sauti. Anafanya kazi redioni, na studio yake nzima inaingia kwenye mfuko wa shati: kompyuta ya kiganjani, ndogo kama kipande cha sabuni, ambayo ukimwamini yeye hunasa hata mtu akipepesa kope. Akiingia nyumbani kwa watu huvua viatu, hufunga madirisha, huchomoa friji, kisha hutia funguo za pikipiki yake humo ndani, asije akaondoka bila kuliwasha tena. Hunong'ona hata akiomba maji.

Juzi alikuja kurekodi saa za ukutani za baba, fundi saa aliyeacha kazi baada ya masikio kumgomea. Alisogeza maikrofoni kwenye saa ya kwanza, akasikiliza, akavua hedifoni na kumvalisha baba, akapandisha sauti taratibu. Walipofika saa ya tatu baba akakunja uso. "Hii inachechemea!" alisema kwa sauti ya kujaza chumba, akadai bisibisi yake. Nikasubiri Bwana Sauti amnyamazishe, maana hutunyamazisha sote. Yeye akapiga magoti, akaishikilia maikrofoni karibu na saa, na baba anafungua, anasikiliza, anacheka peke yake.

Mama akatokea jikoni. "Jamani, barafu inayeyuka! Na maziwa yangu je?"

"Toa funguo zangu, mama, uwashe friji," alinong'ona bila kugeuka. "Leo sirekodi tena."

Maikrofoni hakuishusha.