Siku Baba Alicheza Mzungu

Maganda ya kahawa yakioza kando ya mto yalikuwa na harufu ya kuchoma pua, na sisi watoto wa shamba kule Ruiru tulilala nayo, tukaamka nayo. Ilikuwa miaka ya Imajensi, hali ya hatari ya wakoloni, Mkikuyu hatoki shambani bila barua ya bwana, mzungu mwenye shamba. Cucu, nyanya yangu, mama ya baba, alikuwa mgonjwa sana Thika, na bwana alikuwa amekataa kutoa barua mara mbili. Mimi sikulia. Watu walikuwa wameacha kulia.

Krismasi wafanyakazi walikuwa wanachezea wazungu mchezo pale kwa veranda. Nyapara, yule wa kusema kwa pua, akamwambia baba aombe barua bwana akiwa bado anacheka. Basi wakatengeneza mchezo. Mpishi Mutua, tumbo kama gunia, awe askari mjinga wa kusimamisha kila mtu amdai kipande, kile kitambulisho cha Mwafrika. Baba, mtu wa mashine ya kumenya kahawa, awe mzungu. Akisimamishwa, amchape askari na fimbo, watu wacheke, kwisha.

Baba alitembea kama bwana kabisa, mguu huku, mguu kule, kikapu kichwani ndiyo kofia. Sisi tumekaa kwa nyasi. Mutua akaruka mbele yake na sauti ya ng'ombe dume: "Wewe! Kipande!"

Na baba akasahau yeye ni mzungu. Fimbo ikaanguka. Akavua kikapu, mkono ukaingia mfukoni wenyewe, ukatoa kipande chake cha kweli, akakinyoosha na mikono miwili, macho chini.

Wazungu walicheka mpaka memsahib, mke wa bwana, akamwaga chai. Bwana akapanguza machozi. "Tena," akasema. "Wewe fanya tena hii."

Baba akafanya tena. Mara tatu. Halafu akaomba barua, akapewa. Alipofika Thika walimwonyesha udongo mpya.

Siku hizi wajukuu wangu wanapanda gari hapa Kimbo, Ruiru hii hii, wanashuka Thika, wanarudi na mkate, hakuna mtu amewauliza kitu. Wananiambia, "Cucu, tuigizie wale wa zamani." Nawapa nyapara na pua yake, nawapa Mutua, nawapa bwana na "tena" yake, wanacheka wakishika mbavu. Ya baba siwapi. Haikuwa na sauti, ilikuwa mkono tu. Na mimi nikienda Thika, barabara wazi, askari hakuna, huo mkono unaenda wenyewe mpaka mfukoni, unaangalia kama kitambulisho kiko.