Tanuri Kabla ya Sabato

Kila Ijumaa kijiji cha Kiogoro hufagiliwa. Sabato huingia jua likizama, na haipokewi katika uchafu. Zamani chupa na mifuko ya plastiki ilichomwa migombani, moshi ukalala juu ya mapaa hadi watoto wakohoe. Ndipo Bathsheba akajenga tanuri la matofali lenye vyumba viwili. Cha chini kinachoma plastiki, cha juu kinauchoma moshi wenyewe. Lakini sharti cha juu kipate moto kwanza, kiwe chekundu kabisa.

Watu hawakupenda kungoja.

"Jua linaenda!" Mokeira, jirani yake, alifoka, gunia mgongoni. "Ama siku hizi takataka inapiga foleni?"

"Bado halijapata moto. Weka chini."

"Weka chini, weka chini! Marehemu mume wako alichoka kungoja hivihivi, ndiyo akafa."

Watu wakacheka. Bathsheba alipoinama kuokota kuni, Mokeira akalisukuma gunia zima ndani. Moshi mweusi ukafumka, ukateremka moja kwa moja kwenye shamba la chai la Makori, mdogo wa marehemu.

Makori alikuwa shemasi, na alikuwa ameshaapa kulibomoa tanuri. Chai yake ilikuwa imeshawahi kukataliwa kituo cha kununulia chai kwa kunuka plastiki. Akaja na jembe.

"Nilikwambia nikiona moshi mweusi tena nabomoa. Toka!"

Bathsheba hakutoka. Kulizima kungezidisha moshi. Dawa ilikuwa moto zaidi. Akawa anashindilia magunzi makavu ya mahindi, mgongo wake ukiwa kati ya jembe na matofali.

"Anza na mimi, shemeji."

"Usinijaribu, mwanamke!"

Jembe likapaa.

"Shemasi!" Mokeira akaita, na sasa hakucheka. "Jua limezama."

Wote wakageukia kilima. Kweli, lilikuwa limekwenda. Jembe likashuka taratibu, halikugusa kitu. Bathsheba naye akaangusha gunzi alilokuwa ameshika, maana Sabato ilikuwa yake pia.

"Jumapili alfajiri," Makori akasema akihema. "Nabomoa."

Juu ya bomba la tanuri moshi mweusi ulikuwa umekwisha; hewa ilikuwa inatetemeka tu, haina rangi.

"Umeona?" Bathsheba akauliza.

"Sijaona kitu."

"Basi Jumapili uje na macho kwanza, jembe lifuate."

Makori akatema mate njiani, akaenda. Wengine wakamfuata, wakiacha magunia yao mlangoni pa Bathsheba, wala hakuna aliyemtakia Sabato njema.