Sweta la Dada Lililonishinda

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Kabeza, sikupewa uzi. Nilipewa futi, ule utepe wa kupimia, na daftari. Mkuu wa karakana, tuliyemwita Madamu, alikulia Bujumbura kama mimi, na hakupenda maneno mengi.

"Unapima mara moja, unaandika, basi," aliniambia. "Sweta ikikataa, kosa iko kwa mikono. Fumua."

Kufumua ni kuvuta mpaka kazi yote irudi kuwa uzi. Uzi huo hujikunjakunja, kwa hiyo tuliuosha na kuuanika ukiwa umefungiwa jiwe ili unyooke. Nyinyi mnaonunua sweta dukani hamjui adha hiyo. Baadaye nilihamishiwa Kagugu, kwenye mashine, chini ya Meneja wa Uzalishaji, mtu wa haraka aliyetupa kila kilichoharibika. Mimi nilikiokota nikakifumua. Alinicheka, nami sikumjali. Sikuwahi kuacha sweta njiani.

Nilipostaafu, mgongo umechoka na macho yamechoka, nilitaka kufuma moja tu la mapenzi, la dada yangu mkubwa aliyeko Ndera, mgonjwa anayesikia baridi hata mchana. Nilimpima, nikaandika, nikafuma. Likampwaya. Nikafumua, nikafuma tena nikikaza uzi. Likampwaya. Usiniulize nililia kiasi gani. Niliamini mikono yangu imekwisha, na sina kingine cha kujivunia.

Mara ya tatu, kabla sijashona mikono ya sweta, nilimjaribishia dada. Likampwaya vilevile. Nikalipima lenyewe, nikakuta ni jembamba kuliko nilivyoandika daftarini. Ndipo nikazungusha futi kifuani mwake. Namba iliyotokea sikuiandika.

"Mdogo wangu, mikono yako iko sawa," alisema dada. "Ni mimi niko napungua. Nilijua tangu ile ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kufuma. Na wewe unakujaga hapa sababu ya sweta."

Niliona aibu, maana alisema kweli. Siku zote za kazi nilimtembelea Krismasi tu.

Vijana mnaoanza ufundi huu, pimeni tena na tena. Sweta nimeliacha, halina mikono, wala silifumui. Bado naenda Ndera kila wiki, bila sindano wala uzi. Dada hunisogezea nafasi kitandani, nami nakaa.