Vidonge Vyote Hutoa Maji

Scolastica alikuwa kibarua wa shamba la mbegu Kilangali. Mwaka 1994 dada yake, Agness, alianguka kwa presha akipepeta mpunga, mdomo ukapinda, na siku ya tatu wakamzika. Kwa hiyo yeye alipopimwa na kuambiwa presha iko juu, hakusikia maneno mengine. Aliuona mdomo wa dada yake.

Zahanati ilimpa bendrofluazidi, dawa ya presha inayotoa maji mwilini, kidonge kimoja kila asubuhi, akaendelea vizuri. Baada ya miezi mitano dawa zikaisha pale zahanati. Siku hizo maduka ya dawa ya watu binafsi yalichipuka kama uyoga, akaingia mojawapo. Muuzaji akampa furosemidi.

"Ni ileile, mama. Inatoa maji. Tena hii ina nguvu zaidi."

Nguvu ndizo alizozitaka. Akawa anameza kimoja asubuhi, na hofu ikimzidi, cha pili mchana.

Wiki ya pili miguu ililegea. Misuli ilimkaza akiwa kwenye jaluba la mpunga mpaka akapiga kelele. Moyo ukawa unaruka, unasita, na kila uliposita alidhani ndiyo basi.

"Acha hivyo vidonge," mumewe, Thadeo, alimsihi.

"Nikiacha nitapinda mdomo! Hukumwona Agness?"

Thadeo akampakia kwenye baiskeli hadi hospitali Kilosa mjini. Tabibu, mzee Mwinshehe, aliitikia shikamoo yao, akamshika mkono kusikiliza mapigo, kisha akavitazama vidonge na cheti cha zahanati.

"Vyote hutoa maji, lakini si sawa. Hiki huwafaa zaidi waliovimba kwa ugonjwa wa moyo au figo. Kinakuja kwa kishindo, baada ya saa chache kimekwisha. Kile cha kwanza ni cha polepole, kinashika siku nzima. Wewe umekojoa mpaka madini ambayo moyo unayategemea."

"Nitakufa, baba?"

Mzee akamwonyesha kitanda. "Lala. Usinyanyuke."

Jibu hilo lilimtisha kuliko ugonjwa. Siku tatu alilala chali, akinywa dawa ya chumvichumvi ya kurudisha madini hayo, akiogopa hata kukohoa. Siku ya nne mapigo yakatulia, akarudishiwa bendrofluazidi, nusu kidonge, na tarehe ya kurudi kupimwa damu.

Aliishi miaka mingi baadaye. Shule aliiachia darasa la nne, lakini hakupokea tena dawa bila kusoma jina lake herufi moja moja, kidole kikipita juu ya pakiti, huku wauzaji wakinong'onezana kwamba yule mama ni msumbufu.