Mtoto Aliyelia "Baba"

Kwetu upande huu wa Nyamira ukungu haushuki, unapanda. Unatoka bondeni kwa mto, unapita katikati ya majani chai polepole kama ng'ombe aliyeshiba, ukifika mlangoni unaingia bila hodi. Wale wageni wangu nikiwakumbuka nawaona ndani ya huo ukungu, na wakati mwingine sijui kama nakumbuka au naota. Mimi niliishia darasa la tatu, kwa hivyo mwaka msiniulize. Ilikuwa kabla serikali haijafunga ule mlango wa watu wa nchi nyingine kuja kuchukua watoto wa kulea hapa.

Walitoka Tanga, Tanzania, mtu na mke wake. Mungu hakuwa amewapa mtoto. Makao ya watoto kule Kisii yakawapa msichana wa miaka miwili na kitu, lakini sheria ilisema wakae naye kwanza hapahapa miezi mitatu, ionekane wamezoeana, ndipo korti iwasikie. Wakapanga ile nyumba ya mabati ambayo kijana wangu alijenga bomani kwangu kabla ya kuhamia Nakuru. Aliijenga imeangalia choo. Nilimwambia, hakusikia. Hayo tuyaache.

Yule mama Kiswahili chake kilikuwa laini kama uji uliochujwa. Asubuhi ya kwanza alinikuta nakamua, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, bibi."

"Bibi ya nani?" nikamuuliza. "Bwana yangu alikufa zamani, na sitafuti mwingine."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe kwao bibi ni nyanya. Kwetu bibi ni mke wa mtu. Urafiki wetu ulianzia hapo, na ungedumu bila doa kama si roho yangu.

Maana nilianza kumchukia, sitaficha. Alasiri, mvua ikinukia kwa mbali, nikiwa nachuma chai karibu na ua, nasikia mtoto analia, "Baba! Baba!" Nachungulia. Namwona yule mama anamnyanyua mbiombio, anampa bwanake, yeye anaingia ndani na kufunga mlango. Mtoto kule mikononi mwa bwana anajinyoosha kuuelekea mlango, analia mpaka sauti inakatika. Siku baada ya siku. Nikasema moyoni, huyu si mtu. Mtoto anakuita hivyo nawe unamtupa? Sabato moja nikawaambia akina mama wenzangu nje ya kanisa kwamba yule mgeni ana jiwe kifuani. Na bado mwanamke huyohuyo alikwenda mpaka soko la Daraja Mbili, akachambua mitumba nusu siku, akarudi na sweta ya manjano ya mtoto, akaifua mara mbili isibaki harufu ya mtu mwingine. Sikumwelewa kabisa.

Miezi mitatu ikakaribia kwisha. Ikafika siku ambayo kesho yake afisa wa watoto angekuja kuangalia kama wamezoeana. Mchana huo mvua ilikuwa inanyesha ile ya taratibu, isiyo na haraka ya kwisha, yule mama akaingia jikoni kwangu, akakaa kwenye kigoda, kanga imelowa.

"Bibi, kesho nitamwambia afisa ukweli. Amrudishe mtoto."

"Kwa nini?"

"Hanitaki. Nikimshika tu, analilia baba. Nampa baba yake, naye hatulii. Nimeshindwa."

Nikasimama na mwiko mkononi.

"Akilia hivyo, anaangalia nani?"

Akafikiri. "Ananiangalia mimi."

Nilicheka. Haikufaa kucheka, lakini nilicheka, halafu machozi yakaja, na moshi wa kuni ulinisaidia kuyaficha.

"Mama, hapa kwetu Ugusii baba ni mama. Wale wanawake wa makao walimfundisha hivyo. Baba wa kwenu sisi tunamwita tata. Mtoto anakuita wewe."

Nikamwambia na lile la jiwe, nililosema kanisani. Sidhani alilisikia. Kutoka upande wa pili wa ukungu sauti ilikuja, nyembamba, "Baba!" na kwa mara ya kwanza nilimsikia akiitikia, ule mwitikio wa wanawake wa kwao, mrefu, kama mtu aliyeamshwa usingizini: "Abeee!"

Akatoka bila viatu.

Mtoto hakumkimbilia, nisiwadanganye. Alinyamaza tu, akamtazama sana. Kisha akashika ncha ya kanga iliyolowa na kuanza kuinyonya. Wakakaa hivyo barazani, mvua inanyesha, bwana amesimama pembeni hajui aweke wapi mikono yake.

Afisa alikuja asubuhi, kijana wa mbali, si wa kwetu, hajui lugha yetu. Nilijifanya nafagia. Walikuwa wote watatu uani, mama anaanika nguo, bwana ameketi na afisa. Mtoto akajikwaa, akaanguka, akaita, "Baba!" Bwana, kwa mazoea ya miezi mitatu, akainuka na kufungua mikono. Mtoto akainuka pia, akampita kama mtu anayepita mti njiani, akaenda kujificha ndani ya shuka iliyoanikwa, mahali miguu ya yule mama ilipoonekana.

Afisa alitazama ile shuka ikitikisika, kicheko cha watu wawili ndani yake. Akaandika neno moja, akalisoma kwa sauti: wamezoeana. Akafunga faili.