Mzee Apewe Bomba

Baba alipostaafu kuendesha lori kati ya Lodwar na Kakuma, alituhamishia sisi usimamizi wake wote. Alikagua mbuzi, akakagua pikipiki yangu, akafika hadi jikoni kwa mke wangu. Ndani hakuingia, maana mila haimruhusu baba mkwe kukanyaga penye mafiga ya mkaza mwanawe. Aliweka kigoda chake nje ya ua, akawa anatoa amri kupitia fito.

"Hiyo chai imechemka. Toa moto."

"Ndiyo, Baba."

"Na sukari umeweka?"

Mke wangu ana subira ya ngamia, lakini hata ngamia ipo siku hulala chini akakataa mzigo. Mimi nilimhurumia zaidi mzee. Mtu aliyezoea kusubiriwa na watu wa kila kituo cha njiani sasa hakuwa na anayemsubiri. Akaanza kulala mchana, na hilo ndilo lililonitia hofu.

Kisha bomba la maji la mtaa wetu likakosa mwenyekiti. Ni kazi ya kujitolea, haina hata kikombe cha chai, ila ina funguo na ina amri, na amri Baba alikuwa nazo za kugawa. Alisema haitaki. Siku ya baraza akaamka mapema, akanyoa ndevu, akavaa kofia yake ya unyoya wa mbuni. Akanikuta namtazama.

"Naenda kusikiliza tu," akasema.

Aliyeshindana naye alikuwa katekista mstaafu, mzee mpole na rafiki yake. Naibu wa chifu, binti aliyeletwa kwetu kutoka mbali, hakutaka mambo ya karatasi. "Kila mtu asimame nyuma ya ule mzee anataka," akatangaza.

Hapo ndipo alipoharibu. Kwetu mwanamume huzaliwa Jiwe au Chui, na mtoto huwa kinyume cha baba yake. Karamuni Mawe huketi na Mawe, Chui na Chui. Baba ni Jiwe, katekista ni Chui. Wazee waliposikia habari ya kujipanga, miguu ilienda ilikozoea, na hakuna aliyekumbuka maji. Nami, Chui mwana wa Jiwe, nilishtukia nimesimama nyuma ya katekista, nikitazamana na baba yangu mzazi.

Hakukasirika, mila ni mila. Lakini mstari wa Chui ulikuwa mrefu kuliko wa Mawe, na nikaona mabega yake yakishuka. Moyo uliniuma. Nikataka kuvuka, Chui wenzangu wakanishika shati huku wakicheka.

"Unaenda wapi? Kwani leo umekuwa Jiwe?"

Wanawake walikuwa wameketi juu ya jerikeni zao, wakingoja wanaume wamalize michezo yao. Sasa wakainuka kwa pamoja, wakajipanga nyuma ya Baba, mke wangu akiwa mbele. Wao ndio wachotaji, na siku hiyo hawakuwa na habari na Chui wala Mawe. Baba akashinda.

Kampeni hiyo naijua. Mke wangu hakunadi uhodari wa mzee hata kidogo. Aliwaambia wenzake, "Mpeni huyu mzee kazi, mimi nipumue." Baba hadi leo anaamini kuwa walivutiwa na kofia.

Siku yake ya kwanza bombani alirudi jioni, vumbi hadi magotini, sauti imekauka kwa kuwafokea waliotaka kuruka foleni. Mke wangu alikuwa ameshatoka nje zaidi ya mara moja kutazama njia, na nilipomtania akasema anatafuta kuku. Baba akaketi, akanyoosha miguu.

"Nimechoka," akasema.

Tangu aliache lori, neno hilo hatukuwa tumelisikia kinywani mwake. Mke wangu akanitazama, nami nikamtazama.

"Unasema nini, Baba?" nikamuuliza, ingawa nilikuwa nimesikia.

"Nimechoka sana," akasema kwa sauti zaidi, ili na majirani wajue.